JE, KILA GARI LA JUU HUPITA KWENYE TOPE?



Masika yaliyopita tulipata barua kutoka kwa kikundi cha wakulima wa mihogo na mananasi wilayani Mkuranga. Wanachama wake ni 24, na wengi ni wenzetu waliojifunza kusoma na kuandika ukubwani. Wameweka akiba kwa miaka sita. Sasa wanataka kununua gari moja la mtumba. Litabeba mzigo mdogo kwenda sokoni, lakini kazi yake kubwa ni kumwahisha mgonjwa au mama mjamzito hospitali usiku wa mvua. Bodaboda ipo, lakini mama mwenye uchungu hawezi kupandishwa bodaboda kwenye tope. Wanauliza: tununue RAV4, X-Trail, Escudo au Prado? Sisi tunaona yote ni magari ya juu tu.

Fedha hizo ni jasho la watu 24, nasi hatukutaka kujibu kwa kubahatisha. Tulitenga Jumamosi mbili tukawafuata wenye magari hayo. Jumamosi ya kwanza tulikwenda upande wa Kinondoni, huko Madale na Mabwepande. Ya pili tulikwenda upande wa Temeke, huko Mbagala na Chamazi. Msidhani kwamba Dar es Salaam yote ni lami. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia nyingi za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande mwaka 2012, na wengine wengi wamejenga pembezoni kwa hiari yao. Nyumba zimetangulia, barabara inafuata nyuma. Ukiacha lami hatua mia mbili tu, njia ni kama ya kijijini: udongo mwekundu wenye utelezi, makorongo, mchanga na madimbwi. Ndiyo maana wakazi wa huko wanapenda magari ya juu, na ndiyo maana wanayajua vizuri.

Kwanza tuelewe gari linavyovuta

Wazee watakumbuka Landrova za serikali. Gari hilo lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Kando ya mkono wa gia palikuwa na vishikio viwili, kimoja cha rangi ya njano na kingine chekundu. Cha njano kilifanya magurudumu yote manne yavute. Chekundu kiliingiza gia nzito. Dereva aliyevijua vishikio hivyo viwili alifika kijijini hata kama mvua imenyesha kutwa. Tutavikumbuka tena baadaye.

Gari dogo la kawaida huvuta kwa magurudumu mawili tu. Kati ya gurudumu la kulia na la kushoto kuna kifaa chenye meno kiitwacho difu. Kazi ya difu ni nini? Kumbukeni gwaride la mgambo. Mstari unapokata kona, askari wa ndani hupiga hatua fupi, karibu anasimama. Wa nje hupiga hatua ndefu, karibu anakimbia. Magurudumu nayo ni hivyo hivyo. Difu huruhusu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani. Bila difu tairi zingesuguana na barabara kila kona.

Lakini difu ina tabia moja mbaya. Hupeleka mzunguko kwenye wepesi. Gurudumu moja likiwa kwenye utelezi na mwenzake yuko pakavu, lile la kwenye utelezi ndilo litakalozunguka kama pia. La pakavu litatulia tu. Bila shaka mmeshaona gari limenasa, gurudumu moja linarusha matope hadi kwenye nguo za watu, na gari haliendi hata unyayo mmoja. Hiyo ni kazi ya difu.

Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, ambalo mafundi huliita fowili, lina msaada zaidi. Lakini fowili haziko sawa, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika.

Zipo fowili ambazo kwa kawaida huvuta kwa magurudumu ya mbele tu. Ya mbele yakianza kuteleza, kifaa fulani huyaita ya nyuma yaje kusaidia. RAV4 zilizotoka kuanzia mwaka 2005 ni za namna hiyo, na X-Trail tangu ilipoanza mwaka 2000. Zina kitufe au swichi iliyoandikwa LOCK, maana yake kufunga, ili ya nyuma yasisubiri kuitwa. Honda CR-V nayo iko karibu na kundi hili, ila ya nyuma huchelewa kidogo kuitikia. Magari haya hayana gia nzito. Kwenye utelezi mfupi yanasaidia sana. Lakini yakihangaishwa muda mrefu kwenye mchanga au tope, kile kifaa cha kuita magurudumu ya nyuma hupata moto, kikajitoa kazini ili kisiungue. Dereva anabaki na magurudumu mawili, tena mahali pabaya kuliko alipoanzia.

Kundi la pili ni fowili zenye gia nzito, kama ile Landrova ya kishikio chekundu. Humu mna Prado na Pajero, na Escudo pia, ingawa ni ndogo. Gia nzito hupunguza mwendo na kuongeza nguvu gurudumuni, kama baiskeli ya gia unapopanda mlima: miguu inazunguka sana, baiskeli inakwenda polepole, lakini inapanda. Kwenye Escudo ya aina iliyoanza kutoka 2005 mwendo hupungua karibu mara 2. Kwenye Prado hupungua zaidi kidogo ya mara 2 na nusu. Yaani kama injini ingekusukuma kwa kilomita 10 kwa saa, kwa gia nzito Escudo itakwenda kama 5, na Prado kama 4. Ni mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na ndio unaotakiwa kwenye korongo.

Tuliyoyaona Madale

Huko Madale tulimkuta mzee mmoja, dereva mstaafu, mwenye Escudo ya milango mitano. Jirani yake, mwalimu wa sekondari, ana X-Trail. Na kijana mmoja fundi ujenzi alikuja na Prado ya bosi wake. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mbele yetu palikuwa na mteremko wa udongo mwekundu, kama hatua themanini kwenda juu.

Mwalimu alianza na X-Trail. Alifika nusu, ikaanza kulia na kuserereka kuelekea mtaroni. Watu wakacheka. Yule mzee akasogea dirishani akamwambia, "Mwanangu, umebonyeza ile ya kufunga?" Hakuwa amebonyeza. Alikuwa na gari hilo mwaka wa tatu na hajawahi kuigusa ile swichi. Akarudi chini, akafunga, akapanda taratibu bila kukanyaga mafuta ovyo. Ikapita. Tukasikia aibu kwa niaba yake, maana ni mwalimu mwenzetu.

Escudo ilipanda kwa gia nzito kama ng'ombe wa kukokota plau, polepole, bila kelele. Prado nayo ilipanda bila taabu. Lakini ilipokuwa inashuka iliteleza ubavu, uzito wake wenyewe ukiisukuma, ikasimama sentimita chache kutoka kwenye ukuta wa mtu. Prado inaweza kuwa na karibu kilo 1,900 au zaidi, wakati RAV4 ina kama 1,500. Isitoshe tairi zake zilikuwa za lami, pana, na kashata zake fupi zilikuwa zimeziba udongo mtupu. Tairi ikishavaa udongo namna hiyo ni sawa na kukanyaga kwa soli ya ndara iliyolika. Mzee alisema kwamba angepewa hiari, angechukua gari dogo lenye tairi nzuri na kuliacha kubwa lenye tairi zilizolika. Tulimwuliza maswali mengi sana juu ya hilo, naye hakutetereka.

Basi tulipima. Tulikuwa na rula ya sentimita 30, ile ya darasani. Tulipima kutoka ardhini hadi chuma cha chini kabisa chini ya tumbo la gari, si hadi mlangoni. Magari haya yote yalikuwa kati ya sentimita 18 na 22. Tofauti yake ni ndogo kuliko mtu anavyodhani akiyaangalia kwa mbali. Kisha tukawaingiza watu watano katika Escudo na kupima tena. Ilishuka sentimita nne nzima. Kumbe ule urefu tunaousifu mtaani ni urefu wa gari tupu, nasi hatununui gari ili litembee tupu.

Kisa cha akina mama wa Chamazi

Jumamosi ya pili tulikuwa Temeke. Udongo wa Mbagala na Chamazi sehemu nyingi ni mchanga, na mabondeni kuna tope jeusi linalonata. Huko tulikutana na kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Kisa chao tunakieleza kwa ruhusa yao, bila kutaja jina la gari wala la aliyewauzia.

Walikuwa na lengo lile lile la wenzetu wa Mkuranga. Dalali mmoja aliwaonyesha gari la juu, zuri, linang'aa, lenye maandishi ya 4WD mgongoni. Walijaribu kwenye lami, likaenda vizuri. Walilipa. Kiangazi kizima hawakuwa na malalamiko. Masika yalipoingia, usiku mmoja walimbeba binti mwenye uchungu wa kuzaa. Njia yenyewe si ndefu, kama kilomita tatu hadi kwenye lami. Bondeni gari likanasa. Magurudumu ya mbele yalizunguka, ya nyuma yalikaa kimya kama jiwe. Vijana wa mtaa walikuja na majembe. Ilichukua saa moja na nusu. Binti alijifungulia njiani, ndani ya gari, kwa mwanga wa tochi, mkunga wa jadi akiwa kiti cha mbele. Mungu saidia, mama na mtoto wako salama, na mtoto ameshaanza kutambaa.

Fundi alipolala chini ya gari kesho yake, hakuona propela. Propela ni lile bomba refu la chuma linalotoka mbele kupeleka mzunguko kwenye difu ya nyuma. Gari lile halikuwahi kuwa na difu ya nyuma tangu lilipotoka kiwandani. Ni kweli kwamba Wajapani walitengeneza magari mengi ya namna hii kwa aina mbili, yenye magurudumu manne ya kuvuta na yenye mawili, na kwa nje yanafanana kama mapacha. Yale maandishi ya mgongoni huuzwa dukani kama pambo. Fundi alisema pia kwamba ziko fowili halisi ambazo mwenyewe aliing'oa propela kwa sababu ilikuwa inapiga kelele, au ili kupunguza mafuta, akauza bila kusema.

"Tulisoma kila karatasi," mama mhazini alituambia. "Kadi, risiti, mkataba, vyote tulisoma, maana kisomo tunacho. Lakini chini ya gari hatukusoma."

Kwa hiyo anayenunua asione haya kulala chini. Aone bomba refu likifika katikati ya magurudumu ya nyuma, na pale mwisho aone nundu ya chuma, ndiyo difu. Kisha ajaribu gari mahali pa mchanga au tope, si kwenye lami peke yake. Kama lina gia nzito aiingize, aisikie ikishika, aende mbele na nyuma. Kifaa kisichotumika miaka mingi hushika kutu, na muuzaji hawezi kukujulisha hilo.

Magonjwa ya kila gari

Hakuna gari lisilo na ugonjwa wake. Haya tunayoyaandika ni yale ambayo mafundi wengi wanayajua.

Tuanze na RAV4. Spea zake zinapatikana kila mahali, na hiyo ni faida kubwa kwa mtu wa kijijini. Lakini ziangalieni zile za kati ya mwaka 2000 na 2005 zenye injini iliyoandikwa D-4. Injini hiyo hurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Masizi hujaa kwenye njia ya hewa, injini ikaanza kutetemeka ikiwa imesimama, na kuisafisha kunataka fundi mwenye vifaa. Nazo baadhi ya injini za lita 2.4 zilizofuata zina tabia ya kunywa oili, kwa hiyo kijiti cha oili kipimwe kila wiki.

X-Trail za mwanzo husumbuliwa na sensa za injini. Gari linakwenda vizuri, likipata moto linazima ghafla, likipoa linawaka tena. Mtu asiyejua hubadilisha pampu ya mafuta, plagi, koili, na fedha inaisha huku ugonjwa ni kidude kidogo kama kidole gumba. Zilizokuja baadaye, kuanzia 2007, nyingi zina giaboksi isiyo na gia za meno bali mkanda wa chuma unaozunguka juu ya puli. Giaboksi hiyo haipendi kazi nzito ya muda mrefu. Ikipata moto hupunguza nguvu yenyewe. Na inataka oili yake maalumu, si ya aina yoyote fundi atakayoikuta dukani.

Escudo huchukua petroli nyingi kuliko umbo lake linavyoonyesha, hilo wenye nazo wote walikubali wakicheka kwa uchungu. Zenye injini ya silinda sita hulia mnyororo ndani ya injini kama oili ilikuwa haibadilishwi kwa wakati. Prado za dizeli za lita 3 za zamani zikiachwa zichemshe, silinda hedi hupasuka. Zilizofuata, noozi zake ni ghali na zinataka dizeli safi, si ile ya kwenye madumu. Subaru Forester tulizikuta mbili, zina nguvu kwenye utelezi, lakini zile za miaka ya nyuma zina mkanda wa injini unaotakiwa kubadilishwa kila baada ya kama kilomita 100,000, na ukikatika injini imekwisha.

Mchanga na maji

Kwenye mchanga dawa iko kwenye upepo wa tairi. Kama kawaida mnajaza pauni 32, mchangani punguzeni hadi 20 au 18. Tairi hulala na kupanuka, kama mguu wa ngamia, gari likaelea juu ya mchanga badala ya kuchimba. Usikate kona kwa nguvu, usifunge breki ghafla. Ukitoka mchangani jaza tena, maana tairi laini kwenye lami hupata moto na kupasuka. Pampu ndogo ya mkono au ya umeme wa gari ni lazima iwemo, pamoja na sepetu na kamba.

Fowili iliyofungwa isitumike kwenye lami kavu. Kumbukeni gwaride letu: magurudumu ya mbele na ya nyuma nayo hukata kona kwa hatua tofauti. Ukiyafunga pamoja pakavu, kitu kitavunjika, na mara nyingi ni cha ghali.

Na maji? Yakizidi katikati ya gurudumu, rudi. Mdomo wa kuvutia hewa ya injini mara nyingi uko mbele, kwenye usawa wa taa. Hewa hubanwa ndani ya silinda, lakini maji hayabanwi. Kikombe kimoja tu kikiingia, injini hupinda ndani na kusimama papo hapo. Tena maji ya bondeni yanayokimbia husukuma gari lolote, hata Prado. Gari likizima ndani ya maji, usiliwashe tena.

Jibu kwa wenzetu wa Mkuranga

Nasi tumefikiri hivi. Kama kutoka kijijini hadi lami kuna bonde la tope jeusi na mchanga mrefu, sisi tungechukua Escudo ya milango mitano yenye gia nzito, tukubali kulipia petroli yake. Ile ya milango mitatu hapana, mgonjwa hawezi kulala. Kama utelezi ni wa hapa na pale tu, RAV4 au X-Trail yenye propela yake itatosha, na X-Trail ina nafasi nzuri nyuma ya kumlaza mtu. Prado ni bora kuliko zote njiani, lakini ikiumwa itakula akiba ya miaka miwili, na kikundi kinaweza kuvunjika kwa ugomvi. Lo lote mtakalochukua, msilipe fedha zote. Bakizeni za tairi nne mpya zenye kashata na za matengenezo ya kwanza.

Pigeni hesabu hii darasani. Gari linakwenda kilomita 20 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Jumla ni kilomita 520. Gari la kwanza huenda kilomita 8 kwa lita moja, kwa hiyo litakunywa lita 65. La pili huenda kilomita 10 kwa lita, litakunywa lita 52. Tofauti ni lita 13. Zidisheni kwa bei ya pampu ya kwenu (EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi), kisha mzidishe kwa miezi 12. Halafu gawanyeni kwa 24, mwone kila mwanachama ataongeza shilingi ngapi kwa mwaka kwa ajili ya hizo lita 13. Mtuandikie majibu yenu.

Kikundi cha Mkuranga kimetuarifu kwamba watu wanne watakuja Mbagala mwezi ujao kutazama magari. Tumewaagiza waje na rula. Yule mama mhazini wa Chamazi amekubali kwenda nao, na amesema atabeba mkeka wake wa kulalia chini ya gari.